Picha Mbichi

Jumatano, 2 Aprili 2025

Daktari aliniambia niandike saa za dawa za mke wangu, nisimzidishie wala nisimpunje. Nimeziandika ukurasa wa mbele. Huku nyuma naandika yangu, maana nina maneno hayana pa kwenda.

Leo Sikukuu inamalizia. Watoto wamepita chini ya dirisha letu na nguo zao mpya. Mke wangu Nadra nae alivaa gauni nililomnunulia, akakaa nalo kitandani mpaka adhuhuri, kisha akaomba nimvue kwa sababu kitambaa kinamchoma. Saratani ilianza titi la kushoto, sasa imeshuka kwenye ini. Kabla ya Ramadhani hospitali ya Dar walituambia, "Mrudishe nyumbani mkakae nae." Walisema kwa upole, kama mtu anayekwambia boti imeshaondoka.

Yeye hajalia mbele yangu. Mimi nalia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nadra kaamua kunifundisha kuskani negativu za picha.

Negativu ni za studio ya baba yake, Mzee Muhiddin, iliyokuwa Mkunazini. Maharusi, wanafunzi, watu wa paspoti, watoto wa arubaini, mabaharia waliotaka kuacha sura nyumbani. Ziko kwenye makopo ya biskuti na maboksi ya viatu, yamejaa chumba kizima cha nyuma. Alikuwa akiziskani mwenyewe kila siku akitoka kazini, mpaka mikono ikaanza kumtetemeka.

"Vaa glovu. Shika pembeni tu. Usiupumulie mkanda."

Nikaulaza mkanda kwenye skana. Akanisomesha kutoka kitandani, mto nyuma ya mgongo, kompyuta nimeigeuza aione.

"Sasa zima. Kuongeza rangi, zima. Kunoa, zima. Kufuta vumbi, zima. Kila kitu ambacho mashine inataka kukusaidia, ikatalie."

Picha ikatoka. Bibi harusi na wifi zake, wote rangi ya majivu, kama mtu kawapitishia shuka chafu.

"Mbaya hii," nikasema.

Akacheka, nikafurahi kwa kile kicheko kuliko nilivyofurahi siku nyingi. "Si mbaya, mwalimu. Mbichi. Cheupe chake kimo, cheusi chake kimo, ila vimelala. Ukiipika sasa, yaani kuitengeneza mwanga na rangi, ukaiunguza, ubichi haurudi. Iweke hivyo hivyo. Mimi nikipata nafuu ntaipika."

Kisha akanionesha mchoro mdogo pembeni mwa kioo, mfano wa kilima. Miguu ya kile kilima isigonge ukuta upande wowote. Ikigonga kushoto, kiza kimekula vitu. Ikigonga kulia, mwanga umekula. Nasomesha hesabu miaka yote hii. Vilima vya namna hiyo navijua. Hilo tu ndilo nililolielewa upesi.

"Na utazipika lini?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Baadae," akasema, akafumba macho.

Jumapili, 6 Aprili

Kaja Riyama, dada yake mkubwa. Kaleta uji wa ngano na amri. Dirisha lifunguliwe, shuka zibadilishwe, maji ya kunywa yachemshwe tena kwa kuwa sufuria haikumridhisha. Kabadilisha hata mkeka niliokuwa nasalia. Pia kaandika kwenye makundi yake ya WhatsApp kwamba picha za studio ya Mkunazini zinatafutiwa wenyewe. Hakuniuliza.

"Shemegi, usininunie," kaniambia akitoka. "Nyumba hii ina mgonjwa, haina mwenyewe."

Nimemnunia mpaka usiku wa kulala.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kwanza. Umeme umekatika mara mbili. Mkanda mmoja tu.

Jumapili, 13 Aprili

Nimetumwa Chukwani kumjulia hali Mzee Muhiddin, kama ninavyotumwa kila mwezi.

Niandike ilivyokuwa, kwa sababu watu wanalisema vibaya jambo hili. Mzee aliporudi Hija aliifunga studio. Alisema amepiga sura za watu umri wake wote na siku moja ataulizwa kwa kila sura moja, nae hana jibu. Kamera akazitoa. Negativu akataka kuzichoma. Nadra alimuomba, akambembeleza, akaleta na wazee wamuombee. Hakukubali. Basi Ijumaa moja, baba yake yuko msikitini, Nadra akaenda na gari ya mizigo akazibeba zote.

Mzee hakumlaani wala hakumpigia kelele. Alisema neno moja tu: "Nilitaka kuutua mzigo wangu, wewe umeuficha nyumbani kwako." Toka hapo ni salamu tu, na salamu zenyewe kwa mkono wangu. Mwaka wa pili sasa.

Leo nimemkuta barazani anatengeneza tasbihi iliyokatika.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Mwenzio hajambo?"

"Homa homa tu," nikasema.

Ndivyo Nadra alivyoniapisha niseme. Hataki baba yake aambiwe ni ugonjwa gani. "Akija aje kwa kunitaka," anasema, "asije kwa kunihurumia." Mzee akaingia ndani akatoka na machungwa kwenye mfuko. Akayachagua tena mbele yangu, moja moja, akayatoa yaliyokuwa na doa.

Njiani nilikuwa na yale machungwa mapajani nikijiona kama mtu aliyeiba.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua kutwa. Ukuta wa chumba cha nyuma umetoa jasho. Nimefungua kopo moja likanuka siki. Nadra anasema mikanda ikianza kunuka hivyo inakufa, na hakuna dawa ila kuiwahi. Ninaweka mchele mkavu kwenye vitambaa, kila kopo na kifurushi chake, uvute unyevu.

Kala vijiko vitatu vya uji.

Jumanne, 22 Aprili

Tumegombana mimi na Riyama, ngazini, kwa sauti ya chini ili mgonjwa asisikie.

"Baba lazima aambiwe," kasema. "Wewe unaficha maradhi ya mtoto wa watu kwa babake? Ukija kuulizwa utasema nini?"

"Nimeapa."

"Kiapo chako hicho kitamzika Nadra hajamuona baba yake."

Nikamwambia hii ni nyumba yangu na huyu ni mke wangu. Akanitazama, nilidhani atanipiga. Akafunga mtandio wake akateremka, na mvua inapiga. Mwavuli wake kausahau hapa.

Ana kiburi cha ajabu mwanamke huyu. Nimemwambia Nadra hivyo hivyo.

"Si kiburi," Nadra kasema. "Mama alikufa mimi sijaanza skuli. Riyama ndie aliyenilea. Mwenyewe alikuwa mtoto."

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, hakuna skuli. Nimeskani toka asubuhi. Zote mbichi, zote majivu. Nadra amezitazama nyingi, amepika mbili, akachoka.

Katikati ya mkanda mmoja katoka mama yao, marehemu Bi Tahiya. Kasimama mlango wa studio, kajifunga kanga, kashika kitasa kama anayetaka kuondoka. Nilimjua kwa kumtazama Riyama.

Nadra akaniomba nimsogezee kompyuta. Mkanda huu ni wa rangi, lakini rangi imeshakimbia; kanga inaweza kuwa nyekundu, inaweza kuwa ya zambarau, hata kahawia inaweza kuwa. Nikamwambia aipike anavyopenda.

"Siipiki kwa kubahatisha," akasema. "Hii siyo. Hii mpaka nimuulize aliyeipiga."

Jumanne, 29 Aprili

Maumivu. Daktari kaongeza dawa ya maji. Nimebadilisha saa ukurasa wa mbele. Sikuskani.

Jumamosi, 3 Mei

Riyama amerudi. Hakusema lolote kuhusu ngazini, na mimi sikusema. Kamuosha dada yake, kamsuka nywele zile chache zilizorudi, akimwimbia upuuzi wa harusini mpaka Nadra akacheka. Mimi siku hizi nikimgusa tu naogopa kumuumiza, ndio maana namuumiza. Riyama anamgeuza kama anageuza mkate wa kumimina, kwa mkono mmoja, bila ya kufikiri, na Nadra haguni.

Nimempikia Riyama chai. Kaniambia ina sukari nyingi.

Jumanne, 6 Mei

Leo kaja mgeni. Ule ujumbe wa Riyama umefika mpaka Uroa.

Ni Bi Mwanapili, mama wa makamo aliyeshapita umri wa kusimama baharini kulima mwani lakini bado anasimama. Nyayo zake zinasema. Kalowa. Kakaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti kina mwenyewe.

"Nimeambiwa picha za Mkunazini ziko hapa," kasema. "Mimi nilikuwa na mwanangu, Shaame. Alikwenda bara kutafuta maisha, akafia huko, wakamzika huko. Mimi sina sura yake. Wala ndogo. Nyumba yetu ilishika moto, ikaenda na kila kitu. Lakini najua alipiga picha Mkunazini kabla ya kuondoka, kwa sababu alirudi nyumbani na shati la watu. Aliazima kwa ajili ya picha."

Nadra alikuwa anasikiliza kutoka chumbani, mlango uko wazi. Akaita, "Kheir."

"Naam."

"Muulize shati la vipi."

La mistari. Mwaka gani? Hajui; mwaka ambao mwani ulioza kwa mvua. Riyama akajua ni mwaka gani. Nikachukua makopo ya miaka ile, nikaanza. Bi Mwanapili alikaa. Aliletewa chakula akala kidogo, akasali, akakaa tena. Skana ikitoa sauti yake, nae akiinama kila mara kutazama, na kila mara akisema, "Siye. Siye huyu. Huyu mtoto wa watu."

Jioni ikakaribia, ukatoka mkanda mweusi na mweupe uliopigwa vibaya. Labda taa ya studio iligoma siku hiyo. Kwenye kioo kijana amekaa, mistari ya shati inaonekana, uso ni kiza tu.

"Basi huyu uso hana," nikasema. Nikataka kuutoa.

"Usitoe," Nadra akasema. "Ileteni kompyuta huku."

Tukampeleka kompyuta, na Bi Mwanapili akaja nyuma yake, tukakaa wote juu ya kitanda. Riyama alimshika Nadra mgongoni. Nadra akaweka kidole. Mkono ulikuwa unamtetemeka, basi mimi nikashika kiwiko chake, nae akawa anapandisha kile kiza, kidogo, kidogo. Angekuwa mtu ameskani kwa haraka, mashine ikajipikia, kile kiza kingekuwa cheusi kitupu na kingebaki hivyo milele. Lakini ilikuwa mbichi. Kikaanza kutoka kipaji cha uso. Kikatoka kidevu. Kikatoka kitu mfano wa mboni.

Bi Mwanapili hakupiga kelele. Alishika kitanda.

"Ndie," akasema. "Ndie huyu. Ndie mwenyewe." Akakaa akimtazama. Kisha akauliza, kama mtoto, "Mbona kanuna?"

"Hakununa, mama," Nadra akamwambia. "Tazama shavu hili. Alikuwa anajizuia kucheka."

"Eee," Bi Mwanapili akasema. "Ndivyo alivyokuwa. Ndivyo hasa."

Nilikwenda mbio Darajani kuichapisha kabla duka halijafunga. Niliporudi nilimkuta mama yule amekaa chini karibu na kitanda, ameshika miguu ya mke wangu anaikanda, na Nadra kalala. Bi Mwanapili aliitia picha kifuani, ndani ya nguo, mvua isiifikie.

Mlangoni akaniuliza, "Huyu mkeo, babake yuko hai?"

"Yuko hai. Chukwani."

"Nae ndie aliyempiga mwanangu picha?"

"Ndie."

"Ntakwenda kumpa shukurani," akasema. Sikulifikiria zaidi.

Alhamisi, 8 Mei

Sijui nianze wapi.

Asubuhi mvua ilikuwa ya kufunga njia. Sikwenda skuli. Nikasikia hodi chini, nikasikia tena, nikateremka. Mzee Muhiddin kasimama mlangoni, kanzu imemganda mwilini, hana mwavuli, hana kofia. Mtu ambaye sijapata kumuona bila ya kofia.

"Bi mmoja wa Uroa kaja kwangu jana," akasema. "Kanishukuru. Kaniombea dua. Kisha kaniambia, 'Na Mungu akupe subira kwa mwanao, maana nimemkanda miguu na miguu ya wanaoondoka naijua.' Kheir. Mwanangu anaondoka?"

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Wewe ulinambia homa."

"Niliapishwa, Baba."

Akapanda ngazi zile zote na miguu yake mibovu, anashika ukuta, na maji yanamchuruzika nyuma. Riyama alipomuona alisimama, akapisha kiti, akamvika shuka kavu mabegani. Wala hakunitazama mimi kunambia, 'Nilikwambia.' Angeweza. Ilikuwa haki yake.

Nadra alikuwa macho.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, mama." Akakaa. Akamshika mkono akaugeuza geuza, kama anatafuta ule anaoujua. "Wewe umekuwa hivi, na mimi nakuletea machungwa."

"Yalikuwa matamu."

"Nadra."

"Baba, nataka radhi yako."

Mzee akainamisha kichwa juu ya ule mkono. "Radhi yangu hujaikosa hata siku moja. Nilikuwa na hasira. Nikangoja ishe, na ilipokwisha nikaona aibu kuja. Ndiyo hayo tu. Mimi niliziacha picha kwa kumuogopa Mungu, sikuziacha kwa kukuchukia wewe."

"Na mimi sikuzichukua kukuasi. Nilizichukua kwa sababu zina watu ndani yake."

"Najua. Nimemuona yule mama jana alivyoishika yake." Akainua kichwa. "Lakini bado naogopa, mwanangu. Nisikudanganye."

"Usinidanganye," Nadra akasema. "Wala sikwambii utazame. Nataka unambie kitu kimoja. Kanga ya mama, mlangoni pa studio, kashika kitasa. Ilikuwa rangi gani?"

Mzee aligeuka akatazama dirishani, kwenye mvua.

"Zambarau," akasema. "Zambarau zenyewe, zile zilizoiva zikaanguka. Na pindo nyeupe. Tuligombana asubuhi ile. Alikuja studio kunambia anakwenda kwao na wewe na Riyama. Nikamwambia, basi ngoja nikupige picha nipate cha kutazama mkiondoka. Akacheka. Hakwenda tena."

"Hakutwambia hayo hata siku moja," Riyama akasema kutoka mlangoni.

"Ilikuwa yetu sisi."

Nadra akaniashiria nilete kompyuta. Mzee akabaki vile vile, uso dirishani, mgongo kwetu, mkono wake mmoja nyuma bado umeshikwa na mwanawe. Nadra alikuwa hawezi tena kuweka kidole, basi ananiambia, na mimi nafanya. Punguza njano. Ongeza buluu, kidogo, umezidisha, rudi. Yale majivu yakawa yanaondoka juu ya mwanamke yule. Rangi ikaingia kwenye kanga, ikaingia kwenye mkono wake, mlango nyuma yake ukawa mlango.

"Hapo," Nadra akasema. "Hapo hapo. Usiguse tena."

Akaitazama mpaka akasinzia. Mzee alibaki pale pale hata ilipoadhiniwa Adhuhuri.

Jumapili, 11 Mei

Nadra hali kitu. Anazungumza kidogo sana. Baba yake na Riyama wamehamia hapa. Mzee analala sebuleni kwenye mkeka, nimempa kitanda kakikataa.

Asubuhi Nadra kanambia, "Zilizobaki skani. Usizipike."

Nikasema, "Kwa nini? Ngoja nizipike mimi, zikuchekeshe."

Akasema, "Ziache mbichi, Kheir. Atakuja mtu." Hakusema nani. Nikambusu mkono. Alikuwa ananukia dawa na udi aliofukizwa na dada yake.

Jumatatu, 12 Mei

Nadra amefariki leo asubuhi, baada ya jua kutoka. Hakukuwa na jua.

Naandika kwa sababu wageni waliobaki wamelala na nyumba imejaa viatu visivyo vyake.

Riyama alikuwa anamsomea Yasin. Mzee kakaa kichwani, ananong'ona kalima sikioni mwake, anangoja, ananong'ona tena. Mimi nilishika miguu. Ilikuwa ya baridi toka alfajiri, na nilikuwa naisugua kama mjinga anayetaka kuwasha moto. Pumzi zikawa mbali mbali. Ikaja moja, tukangoja. Ikaja nyengine. Tukangoja. Riyama akamaliza aya, akaanza nyengine, nasi bado tunangoja, mpaka Mzee akanyoosha mkono akamfumba macho.

Nilisema, "Bado, Baba." Nilisema kweli hivyo. "Bado, ngoja kidogo."

Riyama alifunga msahafu akauweka juu, akaja akanishika kichwa akakilaza begani kwake kama anavyomfanyia dada yake. Mimi niliyemfukuza ngazini. Alikuwa analia bila ya sauti, bega linaruka. Kisha akajifuta na ncha ya mtandio akasema, "Inuka, shemegi. Ana haki zake. Tumtendee."

Tumemzika Mwanakwerekwe baada ya Alasiri. Masika haikutuonea huruma. Kaburi lilikuwa linaingia maji kuliko walivyoweza kuyateka kwa ndoo. Watu waliteka, wakapokezana, wakateka, na maji yanarudi, ya rangi ya chai. Nilishuka mwanandani mwenyewe. Nilisimama ndani ya maji nikampokea. Hakuwa na uzito. Nilitaka kuwaambia waliokuwa juu wangoje mvua ipungue, mtu huyu anasikia baridi, halali bila ya shuka mbili. Nikamlaza. Nikamfungua uso nikamuelekeza kibla, na matone yakawa yanaingia. Nikamfunika kwa kiganja mpaka mbao zikaja.

Ukurasa wa mbele una saa ya dawa ya jioni. Imefika, imepita.

Jumatano, 14 Mei

Khitma. Watu wengi. Bi Mwanapili kaja kutoka Uroa, kakaa na wanawake.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerudi skuli juzi. Niliandika ubaoni, nikasimama na chaki, wanafunzi wakanisubiri kwa adabu. Wamekuwa na adabu mpaka inaniuma.

Riyama amekwenda kwake, lakini kila siku anakuja na bakuli. Leo amekunja nguo za Nadra zote kwa ajili ya kugawa. Gauni la Sikukuu alilikunja mara ya kwanza, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akanipa mimi. "Hili siligawi," akasema. "Lipeleke unapotaka, lakini nisilione."

Nilimdhani ana kiburi. Nilikuwa simjui hata kidogo.

Jumapili, 1 Juni

Mvua zinakatika. Leo nimefungua chumba cha nyuma. Makopo mawili yamenuka. Nimevaa glovu, nimewasha skana, nimezima kila ninachotakiwa kuzima.

Sijui kwa nani. Aliyesema atazipika hayupo, na mimi jicho sina. Lakini mikanda haijui habari hizo, inaoza tu.

Jumanne, 3 Juni

Mzee Muhiddin huja kila siku baada ya Alasiri, anakunywa chai, anakaa. Hatuna mazungumzo. Leo mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi na skana inasikika. Akauliza unafanya nini, nikamwambia. Nilidhani ataniambia nizichome sasa, mwenye kushikilia ameshaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kumkatalia.

Akasema, "Unaona nini huko?"

"Watu, Baba."

"Watu gani?"

Nikasita. Nilikuwa nimeshaiskani picha moja asubuhi, nikaizima upesi, nikashindwa kurudi kwenye kiti.

"Kuna mtoto," nikasema. "Kuna mtoto wa kike."

Kikombe kikatua kwenye kisahani. Mzee hakuinuka. Alikaa pale pale sebuleni, akafumba macho. "Usinioneshe," akasema. Kisha akauliza, "Yuko vipi?"

Nikaingia nikakaa mbele ya kioo. Nikasema kwa nguvu ili anisikie.

"Amekaa kwenye kigoda. Miguu haifiki chini. Kiatu kimoja kimemvuka, kiko sakafuni, kimepinduka. Mikono ameshika kigoda huku na huku, kashikilia sana. Meno ya mbele hana. Anacheka, mdomo wote uko wazi. Kidevu ni kile kile. Nywele kasukwa, upande mmoja umefumuka."

"Riyama ndie aliyekuwa anamsuka," Mzee akasema.

"Hatazami kamera," nikasema. "Nilidhani kamera, lakini siyo. Macho yako juu kidogo. Anakutazama wewe, Baba."

Chini njiani mtu alikuwa anauza samaki kwa sauti. Niligeuka nikamuona kupitia mlangoni: kafumba macho bado, mikono juu ya magoti, ndevu zimelowa.

"Tena," akasema. "Nambie tena. Anza na miguu."

Nikaanza na miguu.